Raia, Askari na Mwenye Bunduki

Kila mwaka Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, Marekani, huchapisha jedwali ambalo watu wa pande mbili zisizoelewana hulisubiri kwa hamu ileile. Safu moja inataja makosa. Nyingine inasema ni watu wangapi jimboni, wenye umri wa miaka 21 na kuendelea, waliotiwa hatiani kwa kila kosa. Inayofuata inasema wangapi kati yao walikuwa na leseni ya kubeba bastola, na ya mwisho inatoa asilimia. Ukijumlisha makosa yote, asilimia hiyo haifiki hata moja. Kwenye majedwali ya aina hii ndipo linapopata nguvu dai ambalo limeshazunguka dunia: kwamba wenye leseni ya bastola hutenda uhalifu mara chache kuliko umma.

Dai hilo nataka kulipitisha Nakivale, neno baada ya neno. Makazi haya ya wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakiwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo yana zaidi ya watu laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wengi waliofika hapa walifika kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, aliyewaelekezea bunduki wao au jirani zao. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na kwenye foleni ya posho, na Kiswahili hicho kimeokota maneno ya silaha katika kila njia ya kukimbilia. Watu wa namna hii wana haki ya kuuliza: katika dai lile, "mwenye" ni nani, "umma" ni nani, na "uhalifu" umehesabiwa wapi?

Chombo chenyewe nitakipita haraka. Bunduki tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao bunduq lilikuwa tunda dogo gumu, kisha kidonge cha udongo cha kulenga ndege, kisha mtutu wenyewe. Waganda wakaigeuza kuwa emmundu, Wanyankole wa Mbarara, mji ulio karibu na Nakivale, wakaiita embundu. Risasi ni jina la madini, na hadi leo Kiswahili hutumia neno hilohilo kwa madini na kwa kinachotoka mtutuni. Magharibi mwa Ziwa Edward neno hilo limechukua njia yake. Wasemaji wa Lingala walisikia silabi ya kwanza kama kiambishi, wakapata lisasi moja na masasi mengi, na kwa hiyo mama wa Kikongo Nakivale anapokusimulia usiku wa "masasi" anakupa umbo ambalo Mombasa halipo. Bastola ina sifa moja tu inayotuhusu hapa: inafichika. Jedwali la Texas linahusu silaha inayoweza kufichwa kiunoni mwa mtu wa kawaida. Mbarara bunduki inayokutana na macho yako ni ndefu, iko begani mwa mtu aliyevaa sare, na hakuna aliyekusudia kuificha.

Sasa raia. Hili ndilo neno lililonifanya niandike makala hii.

Asili yake ni Kiarabu, ra'iyya, watu walio chini ya mchungaji, yaani walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili limezaa maana mbili ambazo hukaa pamoja bila kugombana hadi siku zinapokutana na sheria. Ya kwanza ni mwananchi: raia wa Uganda, raia wa Tanzania, mwenye haki ya pasipoti na kura. Ya pili ni asiye mwanajeshi: raia waliuawa katika mapigano, raia wamekatazwa kupita. Lugha nyingine zina neno lake kwa kila maana. Sisi tuna moja, na katika maisha ya kawaida muktadha hutosha.

Nakivale muktadha hautoshi. Mkimbizi si raia kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili ni lazima awe raia kamili, raia kuliko raia wengine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unazitaka nchi ziwakataze kushambulia nchi yoyote mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Hifadhi yenyewe inasimama juu ya msingi kwamba makazi ni mahali pa kiraia. Wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa Kongo, walipovuka kuingia Uganda Novemba 2013, walinyang'anywa silaha na kupelekwa kambi ya Bihanga, si mbali na Mbarara, wakatenganishwa na wakimbizi waliovuka mpaka uleule. Kilichowatenganisha na jirani zao wa kijiji kimoja ni bunduki waliyokuwa wameishika. Lugha yao ilikuwa moja, na wengine walikuwa na majina ya ukoo mmoja. Kwa hiyo mtu wa Nakivale ni raia kwa sababu hana bunduki, ilhali si raia kwa sababu hana nchi. Ukimwambia kwamba wenye leseni ni wema kuliko "raia wa kawaida", atakuuliza ni raia yupi.

Na sheria ya Uganda imelivuta neno hili mbali zaidi. Sheria ya Jeshi la Uganda, katika kifungu cha 119, iliweka chini ya sheria za kijeshi hata mtu asiye mwanajeshi akikutwa bila ruhusa na silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Yaani raia akishika bunduki ya aina hiyo, kwa ajili ya kesi hiyo uraia wake wa maana ya pili unasimama. Novemba 2024 mwanasiasa wa upinzani Dkt. Kizza Besigye alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala, akishtakiwa pamoja na mengine kwa kuwa na bastola. Alikana. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba. Kabla ya katikati ya mwaka uleule Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho yanayoruhusu tena kesi hizo katika mazingira fulani, na Rais akayatia saini. Sitaingia katika ubishi wa wanasheria. Ninachoona kama mpenda maneno ni kwamba kwa miaka mingi kesi za bunduki za watu wasio wanajeshi ziligawanyika kati ya mahakama za aina mbili. Mtu akihesabu hatia za silaha kutoka mahakama za kawaida tu, kisha akaziita "kiwango cha raia", ameacha nje wale ambao sheria iliwaondoa katika uraia siku walipokamatwa.

Tuje kwenye "mwenye". Kiswahili kina -enye, kiungo kidogo chenye ukarimu wa kupita kiasi. Mwenye nyumba anamiliki, mwenye homa anaugua, mwenye kofia amevaa tu. Mwenye bunduki basi anaweza kuwa aliyeinunua, aliyepewa ailinde, au aliyeishika sasa hivi usiku huu mlangoni kwako. Katika masimulizi ya Kivu, mashariki mwa Kongo, ni huyu wa tatu. Hakuna mtu anayekimbia Masisi anayeuliza kama aliyekuja alikuwa na karatasi.

Mbarara, mtu anayebeba bunduki katikati ya watu kila siku ni askari. Neno lenyewe ni pana: mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, na mlinzi wa kampuni binafsi anayekaa nje ya benki, kituo cha mafuta au duka kubwa, bunduki mapajani, naye ni askari. Wateja humwita afande ili mlango ufunguke kwa wepesi. Huyu wa mwisho ndiye anayevuruga hesabu. Kampuni ndiyo iliyopewa idhini na polisi, na bunduki imeandikishwa kwa kampuni. Yeye huichukua kutoka ghala la silaha zamu inapoanza na kuirudisha zamu inapoisha, kisha mwenzake huichukua. Bunduki moja, mikono miwili au mitatu kwa siku, na karatasi moja ambayo haina jina la yeyote kati yao. Je, ni mwenye leseni? Kwa sheria hapana. Ni sehemu ya umma usio na silaha? Kwa macho ya anayepita, hapana kabisa. Ukitaka kulinganisha wenye leseni na umma nchini Uganda, kundi linaloonekana zaidi likiwa na bunduki mitaani linaangukia katikati ya safu mbili na kupotea.

Mei 2023 ilionyesha ukubwa wa pengo hilo. Tarehe 2, Charles Okello Engola, Waziri wa Nchi anayeshughulikia kazi, aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mwanajeshi aliyekuwa mlinzi wake. Tarehe 12, mkopeshaji fedha Uttam Bhandari aliuawa ofisini Kampala na konstebo wa polisi. Polisi wenyewe walieleza kwamba konstebo huyo alikuwa amekwisha kuzuiwa kushika silaha kwa sababu za afya ya akili, na kwamba bunduki aliyoitumia ilikuwa imetolewa kwa mwenzake. Hebu tuweke tukio la pili kwenye jedwali. Bunduki ilikuwa halali. Mtu aliyekabidhiwa alikuwa halali. Aliyefyatua alikuwa amekatazwa. Hakuna aliye "mwenye leseni", na hakuna mwanya wa kusema huu ulikuwa uhalifu wa silaha haramu. Familia ya marehemu haina nafuu yoyote katika mgawanyo wetu wa halali na haramu, na takwimu yetu haina pa kuiweka.

Tatizo ni kwamba kibali humkaa mtu, lakini bunduki huhama. Wajumbe wa mataifa waliokutana Brussels 1889 na 1890 walilijua hilo. Mkataba wao ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, eneo linaloimeza Afrika Mashariki yote. Walioachiwa mlango ni wachache, miongoni mwao watu binafsi wanaoweza kutoa dhamana ya kutosha kwamba silaha haitapewa wala kuuzwa kwa mwingine. Ilikuwa sheria ya wakoloni kwa faida ya wakoloni, na "mtu wa kuaminika" wa mwaka ule alikuwa na rangi yake. Hata hivyo swali lake, bunduki itaishia mkononi mwa nani, ndilo ambalo jedwali la kisasa limeliacha. Miaka karibu tisini baadaye, 1979, askari wa Idi Amin walipokimbia, ghala la silaha la Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, liliachwa wazi na Wakaramojong wakajichukulia. Bunduki zilizokuwa za serikali asubuhi zilikuwa za wafugaji jioni. Hakuna kibali kilichohama nazo.

Neno kibali lina uzuri wake, na ndani ya uzuri huo ndimo hatari yake ilimo. Ni ndugu wa kukubali. Anayepata kibali amekubaliwa, na katika lugha ya makanisani mtu hupata kibali mbele za Mungu. Leseni ni neno kavu la ofisini, la magari na maduka ya pombe, na halimsifu mtu. Tanzania, yenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, husikika zaidi ikisema "mmiliki halali", na Wakenya nao husema "anayemiliki bastola kihalali". Napenda "kihalali" kwa sababu inaelezea umiliki, haielezei roho ya mmiliki. "Kibali" humpa aliyechujwa harufu ya utakatifu ambayo ofisi ya leseni haikukusudia kuitoa.

Maana kuchujwa ndiko kunakofanyika. Mwombaji wa leseni Texas ni lazima asiwe na rekodi ya jinai kubwa, athibitishwe kwa alama za vidole, alipe ada. Mwombaji Uganda hupita kwa viongozi wa mtaa na kwa polisi, na Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye ofisa mkuu wa leseni chini ya Sheria ya Silaha ya 1970. Kenya mwishoni mwa 2018 iliamuru wamiliki wote binafsi wachunguzwe upya na bodi ya leseni. Mtu aliyechuja chai hawezi kushangaa kwamba haina majani. Kinachofaa kuulizwa ni kama aliyepewa leseni ana tofauti na mtu wa umri wake, kipato chake na rekodi yake safi ambaye hakuomba leseni. "Umma" katika jedwali haumjui mtu huyo. Umma ni neno la kutamkwa kwa heshima, umma wa Waislamu, mali ya umma, lakini kama kipimo cha kulinganisha linachanganya aliyekataliwa leseni, asiyeitaka na asiyeweza kuilipia.

Kwenye uhalifu Kiswahili kimetupa utajiri ambao hatuutumii. Angalia ngazi hii: anayeshukiwa ni mshukiwa, anayetajwa kuwa ametenda ni mtuhumiwa, aliyepelekwa mahakamani ni mshtakiwa, aliyeonekana na hatia ni mtiwa hatiani, aliyefungwa ni mfungwa. Mhalifu ni jina la aliyetenda, awe amekamatwa au hajakamatwa, na kwa sababu hiyo ndilo jina ambalo takwimu haziwezi kulijaza. Watangazaji wa Kenya na Tanzania hurukia "jambazi", neno ambalo siku hizi huja na silaha yake tayari. Wakongo wa Nakivale husema mabandi. Ngazi hiyo ina maana kubwa kwa hesabu, kwa kuwa jedwali la Texas linahesabu ngazi ya nne peke yake. Mwenye leseni anayemfyatulia mtu risasi kisha mwendesha mashtaka akaona alijitetea hamo humo. Aliyemtisha mkewe kwa bastola mezani bila kesi kufunguliwa hamo. Kwa hiyo Kiswahili chake sahihi ni kiwango cha hatia, na anayeandika kiwango cha uhalifu amepanda ngazi ambayo namba hazikumpandisha.

Nakivale ngazi hiyo huanzia chini zaidi. Mashauri mengi hupita kwanza kwa kamati za wakimbizi za kijiji, zinazosuluhisha, kabla ya kufika kituo cha polisi. Ugomvi uliosuluhishwa si hatia ya mtu yeyote. Anayefuata hesabu za mahakama atadhani mahali penye usuluhishi mzuri pana watu wema zaidi, na pengine atakuwa sahihi, lakini hatakuwa amelipima hilo.

Kuna swali la pili ambalo hufunikwa na la kwanza, na linahitaji nomino yake. Kuuliza kama wenye leseni ni watiifu ni kuuliza kuhusu watu. Kuuliza kama uhalifu hupungua leseni zikiongezeka ni kuuliza kuhusu sheria. Mwanauchumi wa Marekani John Lott aliandika 1998 kwamba hupungua, na kitabu chake bado hunukuliwa kila mjadala unapowaka. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia ushahidi 2004 likasema hautoshi kuonyesha kwamba hupungua wala kwamba huongezeka. John Donohue na wenzake walichapisha 2019 uchambuzi uliokadiria kwamba miaka kumi baada ya jimbo kulegeza sheria hizo, uhalifu wa kutumia nguvu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Wabebaji wanaweza kuwa watu wema wote na bado mitaa ikawa mibaya zaidi, kwa sababu bastola ya mtu mwema huibwa garini, na kwa sababu mwizi anayetarajia bastola huja na yake. Tangu Septemba 2021, huko Texas kwenyewe, si wenye leseni peke yao wanaoruhusiwa kubeba: hata asiye nayo anaweza. Mwenye leseni wa 2024 ni mtu aliyechagua kuwa nayo bila kulazimishwa, na huyo si kundi lile la 2010, ingawa safu ya jedwali ina jina lilelile.

Jambo moja Kiswahili kinafanya vizuri kuliko lugha zilizotufundisha takwimu. Wataalamu wa jinai duniani kote huhesabu kwa kila watu 100,000. Sisi tuna laki, neno tulilopewa na Wahindi, fupi na linaloeleweka na muuza nyanya. Kiwango ni neno lililochoka. Linabeba ubora, daraja, kima na kasi kwa wakati mmoja, na "kiwango cha uhalifu kimepanda" haisemi kama ni idadi imepanda au ni uwiano. "Hatia nne kwa kila laki ya wamiliki" haimdanganyi mtu, na inamlazimu msemaji kusema laki ya nani. Ndiyo maana ni vigumu kuandika sentensi kama hiyo kwa walinzi wa Mbarara: ili upate laki yao ni lazima kwanza uamue kama unahesabu bunduki, kampuni au mabega yanayopokezana zamu.

Uganda ilianza kuhesabu bunduki. Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Juni 2018, Rais Museveni aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake, ili ganda la risasi liweze kurudishwa kwa mtutu ulioitoa. Watu huziita alama za vidole za bunduki. Bunduki haina vidole, lakini jina limeshika, na linafanya kazi nzuri kwa sababu linaipa silaha utambulisho wake, mbali na wa aliyeishika.

Ninapendekeza tuwe na majina matatu tuyatumie kwa nidhamu. Mmiliki, ambaye jina lake liko kwenye leseni, awe mtu au kampuni. Mkabidhiwa, aliyepewa bunduki kwa kazi na anayepaswa kuirudisha: mlinzi wa benki, konstebo, mwanajeshi anayelinda waziri. Mshikaji, aliyekuwa nayo mkononi risasi ilipotoka, bila kujali aliipataje. Katika Kiswahili cha mitaani mshikaji ni rafiki, najua, na vijana wa Nakivale watacheka. Kama wana neno bora, walilete. Kisha ripoti ya polisi ya mwaka, katika sura ya mauaji ya risasi, iwe na safu nne zisizohitaji teknolojia yoyote: mmiliki wa bunduki ni nani, ilikabidhiwa kwa nani, ilishikwa na nani, na shauri lilifika ngazi gani na katika mahakama ipi. Ikiandikwa hivyo kwa miaka kumi, Mbarara na Isingiro kando kando, tutaweza kusema kitu kuhusu wenye leseni na umma ambacho mkimbizi wa Rubondo, ndani ya Nakivale, anaweza kukisoma na kujiona yuko safu gani.